Kifaa cha mtetemo na fimbo nyeupe: jinsi asiyeona anavyoweza kuanza kuvitumia pamoja barabarani

Fimbo nyeupe inakuonyesha ardhi: tuta, mtaro, ngazi, tairi la gari lililoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu. Vinavyompiga asiyeona usoni ni vile ambavyo fimbo inapita chini yake bila kuvigusa. Kioo cha pembeni cha lori. Tawi la mwarobaini lililoinama. Ukingo wa bati la kibanda. Nondo zilizochomoza nyuma ya guta. Mtu anaweza kuijua fimbo kwa miaka mingi na bado paji lake la uso likawa na makovu.

Vifaa vya kuvaliwa vinavyotambua vizuizi vimetengenezwa kwa ajili ya sehemu hiyo ya mwili, kuanzia magotini au kiunoni hadi kichwani. Mwongozo huu ni wa asiyeona anayetaka kuanza kutumia kifaa cha namna hiyo, na wa ndugu au rafiki atakayemsindikiza siku za mwanzo. Mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam, ila anayetembea Mombasa, Nairobi au Kampala ataitambua mitaro na bodaboda hizo hizo.

Nitaje msimamo wangu mapema. Kifaa kinaongezwa juu ya fimbo, hakichukui nafasi yake. Muuzaji akikwambia kwamba ukinunua chake utaiacha fimbo nyumbani, muage uondoke.

Hatua ya 1: Jua aina ya kifaa kabla ya kutoa pesa

Sokoni kuna makundi matatu, na watu wengi huyachanganya.

Kundi la kwanza ni vifaa vya mwangwi. Vinafanya kazi kama popo: vinatoa sauti kali isiyosikika na binadamu, sauti inagonga kitu na kurudi, kifaa kinapima muda uliopita na kukutetemesha. Kitu kikiwa mita 2 mbele yako, sauti huenda na kurudi kwa takriban milisekunde 12, kwa hiyo taarifa unaipata papo hapo. Vingine hufungwa kwenye kifundo cha mkono, vingine vimejengwa ndani ya mpini wa fimbo. SmartCane, iliyobuniwa katika chuo cha teknolojia cha IIT Delhi nchini India, ni mpini unaofungwa juu ya fimbo ya kawaida na kutambua vitu kuanzia usawa wa goti hadi kichwani, hadi umbali wa mita 3. UltraCane ya Uingereza ina vitufe viwili vinavyotetema chini ya kidole gumba, kimoja kwa vizuizi vya mbele na kingine kwa vilivyo usawa wa kifua na kichwa. WeWALK ya Uturuki inaunganishwa na simu kwa Bluetooth. Kenya nako, Brian Mwenda na kampuni yake ya Hope Tech Plus walibuni kifaa cha mwangwi walichokiita The Sixth Sense.

Kundi la pili ni miwani yenye kamera. Hii husoma maandishi, hueleza kilicho mbele yako, na mingine humpigia mtu anayeona ili akutazamie. Programu ya Be My Eyes, iliyoanzia Denmark na kutoka mwaka 2015, inakuunganisha bure kwa video na mtu wa kujitolea. Kwa kawaida hutumia kamera ya simu, na katika baadhi ya nchi inafanya kazi pia kwenye miwani ya Ray-Ban Meta. Ni msaada mkubwa kwa kusoma bango la duka, kujua basi linakwenda wapi au kutafuta mlango. Lakini inategemea bando na mtandao, na jibu huchelewa sekunde kadhaa. Bati la kibanda halisubiri sekunde kadhaa.

Kundi la tatu ni simu yenyewe na GPS, inayokwambia uko mtaa gani na ugeuke wapi.

Kwa anayeanza nashauri kundi la kwanza na la tatu. Miwani iache kwa baadaye, ukishazoea, na kama mfuko unaruhusu.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya na usiridhike na majibu ya jumla. Kifaa kinatetema hata kama simu imeishiwa chaji? Kinastahimili mvua? Betri ikifa baada ya mwaka, nani hapa nchini ataibadilisha? Naweza kukijaribu nje, barabarani, kabla ya kununua? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtetemo unaosikika vizuri ndani ya ofisi tulivu unaweza kupotea kabisa mkononi ukiwa kituoni, katikati ya makelele na msukumano.

Kama hujui pa kuanzia, nenda kwenye chama chenu: Chama cha Wasioona Tanzania (TLB), Kenya Society for the Blind, au Uganda National Association of the Blind. Hata wasipokuwa na kifaa, watakuunganisha na mwenzako aliyewahi kukitumia, na maneno ya huyo yana uzito kuliko ya muuzaji yeyote.

Hatua ya 2: Hakikisha fimbo yako iko sawa

Simama wima, fimbo ikigusa ardhi mbele yako. Ncha ya juu ifike usawa wa kidari. Ikiishia kiunoni ni fupi mno, na fimbo fupi inakupa habari ukiwa umeshachelewa.

Ukitembea, peleka fimbo kushoto na kulia kwa upana unaozidi mabega kidogo. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, ncha iguse ardhi upande wa kushoto. Wa kushoto ukienda, iguse kulia. Kwa njia hiyo kila mara unakagua pale mguu unaofuata utakapokanyaga. Mtindo huu uliendelezwa na Richard Hoover miaka ya 1940, akiwafundisha askari wa Marekani waliopoteza macho vitani, na mpaka leo sijaona kifaa cha umeme kinachoweza kazi hiyo kwa uhakika ule.

Kama fimbo bado inakusumbua, pata mafunzo yake kwanza. Mtetemo utakuchanganya ikiwa mkono haujazoea kusoma ardhi.

Hatua ya 3: Linda masikio

Usiweke kitu kinachoziba masikio ukiwa barabarani. Hata sikio moja. Ukiziba moja unapoteza uwezo wa kujua sauti inatoka upande gani, na huo ndio uwezo unaokulinda na magari.

Ukihitaji kusikiliza simu ukitembea, tafuta hedifoni za mfupa, zile zinazokaa mbele ya sikio na kupitisha sauti kwenye mfupa wa shavu. Tundu la sikio linabaki wazi. Sauti iwe ya chini kiasi kwamba bado unasikia nyayo zako mwenyewe. Ukishindwa kuzipata, simu ikae kwenye mfuko wa shati, spika ikiangalia juu. Inatosha.

Jambo hili linazidi kuwa zito kwa sababu pikipiki za umeme zinaongezeka katika miji yetu. Bodaboda ya petroli unaisikia tangu mbali, ya umeme inakufikia karibu kimya kimya. Kinachosikika ni tairi kwenye lami au mchanga, na sauti hiyo huipati ukiwa na muziki sikioni.

Hatua ya 4: Jifunze lugha ya mtetemo ukiwa nyumbani

Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na hapa ndipo nakusihi usiharakishe.

Anza na ukuta. Simama mbele yake kwa hatua kadhaa, washa kifaa, usogee taratibu. Katika vifaa vingi mtetemo huanza polepole na kuongezeka kasi kadiri unavyokaribia. Simama pale unapoanza kuusikia, kisha hesabu hatua hadi ukutani. Rudia mpaka mwili ujue wenyewe, bila kuhesabu, kwamba mtetemo wa namna hii ni hatua tatu na wa namna ile ni mkono ukinyooshwa.

Kisha nenda mlangoni. Elekeza kifaa kwenye fremu, halafu kwenye uwazi. Fremu itatetema, uwazi utanyamaza. Peleka mkono taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine na utaukuta mlango bila kuupapasa. Zoezi hili linakufundisha jambo kubwa kuliko yote: ukimya wa kifaa nao ni habari, unakwambia pa kupita.

Baada ya hapo jaribu pazia, godoro lililosimamishwa, mtu aliyevaa sweta nzito. Utagundua kwamba vitu laini hunyonya sauti na kurudisha mwangwi hafifu, hivyo kifaa hukwambia viko mbali kuliko vilivyo, au hakisemi chochote. Jaribu pia kuutazama ukuta kwa mshazari, maana sauti hupiga na kukimbilia upande mwingine bila kurudi kwako. Ni bora ujue udhaifu huu sebuleni.

Mwisho, weka umbali. Vifaa vingi vinakuruhusu kuchagua. Anza na mfupi, kama mita 1.5. Ukiweka mita 4 au 5 mahali penye watu, kifaa kitatetema muda wote, na mkono unaotetema muda wote huacha kusikia. Umbali mrefu ni wa uwanja mpana na njia tupu.

Hatua ya 5: Toka na msindikizaji kwenye mtaa tulivu

Chagua njia unayoijua tayari kwa fimbo, fupi, na wakati usio na pilikapilika. Njia mpya na kifaa kipya usivianze siku moja.

Kifaa cha mkononi kivae upande usioshika fimbo. Kunja kiwiko, mkono uwe mbele ya kifua, kihisi (ile sehemu ya kifaa inayotoa sauti na kupokea mwangwi) kikitazama mbele. Mkono ukiuachia uning'inie, kifaa kinatazama ardhi au paja lako na hakina faida. Angalieni nguo: ncha ya khanga, mtandio, mkono wa kanzu au wa koti ukiangukia kihisi, kifaa kitadhani kuna ukuta mbele yako na kitatetema bila kukoma. Mara nyingi mtu analeta kifaa akisema kimeharibika, kumbe ni nguo tu. Dada na mama wanaovaa buibui wakunje mkono wa nguo na kuubana kwa pini, au wavae kifaa juu yake.

Msindikizaji, kazi yako ni kunyamaza. Tembea hatua mbili nyuma yake, upande. Usiseme "kulia, kushoto, angalia". Ukisema, atakusikiliza wewe na hatajifunza kuusikiliza mkono wake. Fungua mdomo kwa hatari ya kweli tu, na neno liwe moja mlilokubaliana: "simama".

Njiani, kila kifaa kinapotetema simama na utafute sababu. Inyooshe fimbo. Ikiwa fimbo imegusa kitu, kizuizi kiko hadi chini: mtu, gari, ukuta. Ikiwa fimbo haikugusa kitu na kifaa kinaendelea kutetema, kizuizi kiko juu. Inua mkono usawa wa uso, kiganja kikitazama mbele, na usogee taratibu mpaka ukiguse. Tawi? Bati? Mwavuli wa muuza matunda? Kumbuka mahali hapo.

Na pale fimbo na kifaa vinapopingana, ifuate fimbo. Kifaa kikinyamaza huku ncha ya fimbo ikizama kwenye uwazi, huo ni mtaro au shimo. Kihisi kinachotazama mbele hakioni ardhi ilipoishia, na mitaro yetu mingi haina vifuniko. Ngazi za kushuka ni hivyo hivyo.

Waya wa kushikilia nguzo ya umeme una mtego wake. Unashuka kwa mshazari, ni mwembamba, na mwangwi wake ni dhaifu, hivyo kifaa kinaweza kuukosa. Fimbo nayo inapita chini yake pale waya ulipo juu, karibu na nguzo. Fanyeni hivi: siku ya kwanza msindikizaji akuonyeshe kila nguzo yenye waya kwenye njia yako, uushike, ujue unashukia upande gani. Nguzo hazihami, ukishazijua umezijua.

Mvua ikianza, punguza imani. Matone juu ya kihisi huleta mitetemo ya uongo. Kifute, au kizime mpaka inyeshe na kuisha.

Hatua ya 6: Ongeza simu, kwa kazi yake tu

Simu ya Android ina TalkBack, na iPhone ina VoiceOver, programu zinazokusomea kwa sauti kilicho kwenye skrini. Katika simu nyingi za Android, njia ya mkato ikishawekwa kwenye mipangilio, unaiwasha TalkBack kwa kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde kama tatu. Huduma ya sauti ya Google ina sauti ya Kiswahili, ichague kama Kiingereza cha haraka kinakuchosha ukiwa njiani.

GPS ya simu, penye anga wazi, hukosea kwa mita kama 5. Katikati ya majengo marefu ya Kariakoo au Posta hukosea zaidi. Maana yake ni kwamba simu itakuleta jirani na geti, geti lenyewe ulitafute kwa fimbo, mwangwi na kumbukumbu. Mita 5 ni tofauti kati ya njia ya waenda kwa miguu na katikati ya barabara, kwa hiyo usikubali kamwe simu ikwambie mahali pa kukanyaga.

Hifadhi sehemu zako mwenyewe ukiwa umesimama hapo: kituo, zahanati, duka, kona ya kugeukia. Kisha kila sehemu ipe alama isiyohitaji betri, kwa mfano mashine ya kusaga, adhana ya msikiti, harufu ya chipsi, lami inayogeuka mchanga. Mitaa yetu mingi tunaelekezana kwa alama kuliko kwa namba za nyumba, na hapo asiyeona makini anamzidi mgeni anayeona.

Simu isikae mkononi. Mkono mmoja una fimbo, wa pili una kifaa, na wezi wa pikipiki wanapenda simu iliyoshikwa. Iweke mfuko wa ndani au itundike shingoni chini ya shati.

Hatua ya 7: Kuvuka barabara

Fanya hesabu hii nami. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa maeneo ya makazi Tanzania na Kenya, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Kifaa kinachoona mita 5 kitakutetemesha gari likiwa limebakiza kama theluthi moja ya sekunde. Hakuna mguu unaorudi nyuma kwa theluthi ya sekunde. Kwa hiyo kifaa chako hakihusiki kabisa na uamuzi wa kuvuka. Kikikaa kimya haimaanishi barabara ni tupu.

Vuka kwa masikio, fimbo na watu:

Tafuta kivuko chenye alama za pundamilia, hata kama ni mbali. Simama ukingoni, si barabarani, fimbo ikiwa mbele yako mahali madereva wanapoiona. Simama vizuri, mabega yakielekea ng'ambo, maana ukianza umepinda utamalizia katikati ya makutano.

Sikiliza mzunguko mzima wa magari kabla ya kuamua. Kwetu magari hupita kushoto, hivyo ya kwanza kukufikia yanatoka kulia. Lakini sikiliza pande zote mbili, kwa sababu bodaboda hupita upande wowote, hata juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Omba msaada bila haya. "Samahani, tunavuka wote?" ni sentensi inayofanya kazi karibu kila kituo. Mshike anayekusaidia juu ya kiwiko, umfuate nusu hatua nyuma. Asikushike yeye na kukuvuta. Na ukishikana na mtu, kizime kifaa, la sivyo kitatetema kwa sababu ya mgongo wake mpaka ng'ambo.

Kwenye Barabara ya Morogoro, yanakopita mabasi ya mwendokasi tangu 2016, hesabu kwamba unavuka barabara tatu: magari ya kawaida upande mmoja, njia za mabasi katikati zenye mabasi ya kwenda na kurudi, kisha magari ya kawaida tena. Anayekusaidia akikuachia katikati, mwambie bado. Watu wengi wanaoona wanafikiri wamekuvusha wakati wamekuacha kwenye njia ya mabasi.

Barabara ikikushinda siku hiyo, subiri mtu au zunguka.

Hatua ya 8: Utunzaji

Chaji kifaa kila usiku pamoja na simu. Futa kihisi kwa kitambaa kikavu, vumbi la kiangazi na jasho hukiziba. Kuwa na mfuko mdogo wa plastiki kwa mvua ya ghafla. Mara moja moja tembea njia yako na kifaa kikiwa kimezimwa, ili siku betri ikiisha njiani usikwame. Mwenye uoni hafifu akijaribu pia jioni, giza likiingia, atajua kwa kweli ni saa ngapi anakihitaji zaidi.

Hatua ya 9: Watambulishe watu wa njia yako

Hii haimo kwenye karatasi ya maelekezo inayokuja na kifaa, na mimi naiona muhimu kuliko nusu ya yaliyomo. Pita kwa watu wa njia yako ukiwa na msindikizaji: mama lishe wa kona, machinga wanaopanga meza kwenye njia, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, makonda wa kituo chako. Waonyeshe kifaa. Waache wakiguse, wausikie mtetemo. Wapo wanaodhani ni kamera ya kuwarekodi, na wapo watakaokitazama kwa macho ya tamaa, lakini wakishajua ni cha nini wengi wao hugeuka walinzi wake na wako.

Kisha omba jambo mahususi kwa kila mmoja. Machinga: "Kaka, meza yako sawa, ila hiki chuma cha mwavuli kiko usawa wa jicho langu, naomba ukiinue." Bodaboda: "Mkiniona na fimbo nyeupe hapa, pigeni honi fupi mara moja, msipite nyuma yangu kimya." Konda: "Ukifika kwangu niambie mlango uko wapi, usinivute mkono huu wenye kifaa."

Wakibadilishana zamu au akija machinga mpya, mwombe aliyekuzoea amweleze mwenzake.